Namna ya Kuomba Rekodi za Polisi katika Mji Mdogo Nchini Kenya

Kila jambo linaloripotiwa katika kituo cha polisi nchini Kenya, liwe wizi wa mbuzi au ajali iliyoua abiria, huandikwa katika kitabu cha matukio ambacho raia na askari wote hukiita OB. Anayeripoti hupewa nambari ya OB, na kwa wengi uhusiano wao na kitabu hicho huishia hapo. Ilhali Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ambayo ni sheria nambari 31 ya mwaka 2016, inaeleza jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Huduma ya Taifa ya Polisi ni taasisi ya umma, na kituo cha mji kama Voi, Maralal au Mwingi kinafungwa na sheria hiyo sawasawa na makao makuu yaliyoko Jogoo House, Nairobi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa mji wa namna hiyo: mtangazaji wa redio ya kijamii, mwalimu, mfanyabiashara ambaye duka lake limevunjwa mara kadhaa, au mzazi anayetaka kujua ni ajali ngapi zimetokea mahali ambapo watoto huvuka barabara wakienda shule. Kwa maoni yangu, maombi mengi ya namna hii hayakwami kwa sababu polisi wameamua kuficha jambo. Hukwama kwa sababu mwombaji hakuitaja rekodi anayoitaka kwa jina ambalo kituo chenyewe kinaitumia, na kwa sababu hana karatasi inayothibitisha ni lini ombi lake lilipokelewa. Mambo hayo mawili yako mikononi mwa mwombaji.

Jua unachokitaka kabla ya kukiomba

Ni vizuri kutenganisha tangu mwanzo hati zinazomhusu mtu binafsi na rekodi zinazohusu kazi ya kituo kwa jumla. Aliyepoteza kitambulisho au stakabadhi huomba abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba ameripoti upotevu huo. Aliyeumizwa hupewa fomu ya P3 ili daktari aijaze. Anayetafuta kazi huomba cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hati hizo zina njia zake zilizozoeleka, na kuziomba kwa kutaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ni kujizungusha bure. Vilevile, anayetaka kuona habari zake mwenyewe ana msaada mwingine katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na akigundua kwamba polisi wameandika jambo lisilo la kweli kumhusu, Ibara ya 35 inampa haki ya kudai lirekebishwe au lifutwe.

Rekodi zinazohusu kazi ya kituo ni jambo jingine. OB ndiyo mama wa zote, kwa kuwa kila tukio huingizwa humo kwa nambari, saa na tarehe. Nambari ya OB huandikwa kwa kuanza na nambari ya tukio la siku hiyo, kisha siku, mwezi na mwaka. Kwa hiyo OB 23/14/05/2024 ni tukio la 23 lililoandikwa tarehe 14 Mei 2024. Mtu mwenye nambari hiyo ameshamrahisishia karani kazi, kwa sababu ukurasa unapatikana kwa dakika chache. Asiyekuwa nayo anapaswa angalau kutaja tarehe, saa za kukadiria na mahali, la sivyo anamwomba askari asome kitabu kizima kwa niaba yake.

Mbali na OB, kituo huweka rejista ya mahabusu, rejista ya ajali za barabarani, rejista ya vielelezo vilivyochukuliwa, na kumbukumbu za dhamana ya pesa taslimu pamoja na vitabu vya risiti zake. Ajali za barabarani hujazwa pia katika fomu maalumu inayojulikana kama P41, ambayo ndiyo chimbuko la takwimu nyingi za ajali zinazotangazwa nchini. Mwombaji anayeandika kwamba anataka "habari za ajali" anaweza kujibiwa kwa sentensi moja isiyo na maana. Yule anayeomba "idadi ya ajali zilizoandikwa katika rejista ya ajali ya kituo hiki kati ya tarehe fulani na tarehe fulani" amefunga mlango wa kisingizio cha kutoelewa. Sheria yenyewe inadai kwamba ombi liwe na maelezo ya kutosha ili afisa afahamu ni habari gani inayotakiwa.

Uliza pia kama habari hizo hazijachapishwa tayari, kwa sababu sheria haimlazimishi afisa kumpa mtu kitu ambacho kinapatikana kwa urahisi kwa njia nyingine. Huduma ya Taifa ya Polisi hutoa ripoti ya mwaka kuhusu hali ya uhalifu, Shirika la Taifa la Takwimu huweka idadi ya makosa yaliyoripotiwa katika taarifa yake ya kila mwaka kuhusu uchumi, na NTSA, ambayo ni mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, hutangaza idadi ya watu waliokufa barabarani. Takwimu hizo ni za jumla mno kwa mtu anayefuatilia mtaa mmoja au kilomita chache za barabara, lakini kuzitaja katika barua yako kunaonyesha kwamba umezitafuta na kwamba unachokiomba hakimo ndani yake. Kesi zilizokwisha kufikishwa mahakamani zina rekodi zake katika masijala ya mahakama, na mara nyingi hati ya mashtaka hupatikana upesi zaidi kwa karani wa mahakama kuliko kituoni.

Kuandika barua

Kifungu cha 8 cha sheria kinasema wazi kwamba ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hakuna sababu ya kulipa mtu akuandikie barua ya Kiingereza ambayo wewe mwenyewe hutaweza kuitetea ukiulizwa maswali kaunta. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kusaidiwa na afisa wa habari, ambaye anapaswa kuliandika ombi hilo na kumpa mwombaji nakala yake. Zipo fomu zilizowekwa kwa ajili ya maombi, lakini sheria inakataza ombi kukataliwa kwa sababu hiyo tu kwamba mwombaji hakutumia fomu.

Swali linalowasumbua wengi ni nani wa kuandikiwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 7, afisa wa habari wa taasisi ya umma ni mkuu wake mtendaji, au afisa ambaye amekabidhiwa jukumu hilo. Kwa polisi, mkuu huyo ni Inspekta Jenerali. Hata hivyo kitabu kiko mjini kwenu, chini ya mkuu wa kituo, yaani OCS. Njia ninayoiona kuwa bora ni kumwandikia Inspekta Jenerali kupitia kwa OCS, na kumpelekea nakala kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Kwa namna hiyo OCS haonekani kuwa amerukwa, jambo ambalo katika mji mdogo lina uzito wake, na wakati huohuo hawezi kuikataa barua kwa kusema haikuwa yake. Mfano wa barua yenyewe ni huu:

"Kwa Inspekta Jenerali, Huduma ya Taifa ya Polisi. Kupitia kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi. Yah: Ombi la habari chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016.

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa mji huu. Naomba kupewa habari zifuatazo kutoka katika rejista ya ajali ya kituo hiki, kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hadi tarehe 31 Desemba 2024: idadi ya ajali zilizoandikwa katika sehemu ya barabara kuu iliyo ndani ya eneo la kituo, na kwa kila ajali, tarehe, saa, mahali, aina ya vyombo vilivyohusika, na idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa. Siombi majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu wala habari za matibabu ya mtu yeyote.

Iwapo sehemu ya habari hizi inazuiwa na kifungu cha 6, naomba nipewe sehemu iliyobaki na nielezwe kwa maandishi ni kifungu kidogo kipi kinachotumiwa. Nitalipia gharama halisi ya kutoa nakala, na naomba nijulishwe kiasi hicho mapema. Natarajia jibu ndani ya siku 21 zilizowekwa na kifungu cha 9."

Weka jina lako, anwani, nambari ya simu, tarehe na sahihi, na uambatishe nakala ya kitambulisho kwa kuwa haki hii ni ya raia. Chama au kampuni inayodhibitiwa na raia wa Kenya inaweza pia kuomba kwa jina lake. Sentensi inayosema usichokiomba isidharauliwe. Afisa anapoisoma huona kwamba sababu yake ya kwanza ya kukataa, ile ya faragha za watu, imeshughulikiwa kabla hajaitaja.

Utaona kwamba barua haielezi kwa nini mwombaji anazitaka habari hizo. Kifungu cha 4 kinasema kwamba haki ya mtu haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na dhana ya afisa kuhusu sababu hiyo, na Mahakama Kuu ilisisitiza jambo hilo mwaka 2017 katika kesi ya Katiba Institute dhidi ya kitengo cha Rais cha kufuatilia miradi. Ukitaka kueleza, eleza. Katika mji ambapo OCS anakutana nawe sokoni na msikitini au kanisani, maelezo mafupi ya nia njema yanaweza kulainisha mambo. Lakini ukiulizwa kwa ukali "unazitaka za nini?", una haki ya kujibu kwa adabu kwamba sheria haikudai sababu.

Kuipeleka barua na kupata muhuri

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Chapisha nakala mbili. Nenda kituoni asubuhi ya siku ya kazi, na usiende siku ambayo mji una mkutano mkubwa wa hadhara au msako, kwa kuwa hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukusikiliza. Usiiache barua kaunta mikononi mwa askari wa zamu aliyezongwa na watu wanaoripoti. Omba kuonana na karani wa OCS, mkabidhi nakala moja, na umwombe aigonge nakala ya pili muhuri wa kituo wenye tarehe, kisha aandike jina lake na kutia sahihi. Ukiambiwa muhuri umefungiwa ofisini na mwenye ufunguo hayupo, omba tukio la kupokelewa kwa barua liandikwe katika OB na upewe nambari yake. Nambari hiyo ni ushahidi uleule, na imo katika kitabu ambacho hakuna anayeweza kudai kwamba hakipo.

Tuma pia nakala makao makuu kwa barua ya rejista kupitia posta, au kwa barua pepe, na utunze risiti. Hii si dalili ya kutomwamini OCS. Maafisa wa polisi huhamishwa mara kwa mara, na barua iliyokubaliwa kwa mdomo na OCS wa leo inaweza kuwa karatasi isiyo na mwenyewe mbele ya OCS wa mwezi ujao.

Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kifungu cha 12 kinaruhusu malipo ya gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha kwa mwombaji, basi. Mtu yeyote akitaka "kitu kidogo" ili barua isukumwe, usitoe. Fedha za aina hiyo hazina risiti, humfanya mwombaji naye kuwa mkosaji, na humfundisha karani kwamba haki ya mkazi anayefuata nayo ina bei.

Siku zinavyohesabiwa

Afisa anatakiwa kuamua mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Anaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, iwapo habari zinazotakiwa ni nyingi mno au anahitaji kushauriana na wengine, na ni lazima akujulishe. Akiona kwamba habari hizo ziko katika taasisi nyingine, kwa mfano NTSA au mahakama, anapaswa kulihamisha ombi ndani ya siku 5 na kukuarifu. Kuhama kutoka kituoni hadi ofisi ya kamanda wa kaunti si uhamisho wa aina hiyo, kwa kuwa wote ni Huduma moja, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Ombi likikubaliwa na gharama kulipwa, habari zinapaswa kutolewa ndani ya siku mbili za kazi.

Siku 21 zikipita bila neno lolote, sheria inalihesabu ombi kuwa limekataliwa. Kimya hicho basi kina faida yake kwa mwombaji, kwa kuwa kinamfungulia mlango wa rufaa. Ndiyo maana tarehe iliyo katika muhuri ina thamani kubwa: bila tarehe hiyo hakuna wa kusema siku zilianza lini.

Kabla siku hazijaisha, si vibaya kupita kituoni mara moja kuuliza, kwa upole, kama barua imefika kwa mhusika na kama kuna jambo linalohitaji ufafanuzi. Mara nyingine OCS hutaka kupunguza ukubwa wa kazi: badala ya miaka miwili akupe mwaka mmoja, au badala ya nakala za kurasa akuruhusu usome rejista mbele ya askari na kunakili mwenyewe. Pokea pendekezo kama hilo ikiwa linakidhi haja yako, lakini liandike katika barua fupi ya ukurasa mmoja na uigongeshe muhuri kama ile ya kwanza.

Sababu za kukataliwa, na zile zisizo sababu

Kifungu cha 6 kinataja mambo ambayo afisa anaweza kuyazuia, yakiwemo yale yanayoweza kudhuru usalama wa taifa, kuvuruga mwenendo wa haki, kuhatarisha usalama, afya au uhai wa mtu, au kuingilia faragha ya mtu asiyekuwa mwombaji bila sababu ya haki. Baadhi ya vizuizi hivi ni vya lazima na ni vyema kuviheshimu kwa moyo. Faili la uchunguzi wa kesi ambayo bado haijafika mahakamani halitatolewa, na halipaswi kutolewa, kwa kuwa mshukiwa anaweza kutoroka na shahidi anaweza kutishwa. Jina la mtoa habari kwa polisi ni suala la uhai wake.

Suala la faragha lina ugumu wa pekee katika mji mdogo, na ningeomba kila mwombaji alitafakari kwa makini. Jijini Nairobi, kuondoa jina la mlalamikaji kunaweza kutosha. Katika mji wa watu wanaojuana, rekodi isiyo na jina inayosema kwamba mwalimu wa kike wa shule fulani aliripoti kupigwa na mumewe usiku wa Jumapili imemtaja mwalimu huyo kwa kila anayeisoma. Kwa makosa ya dhuluma za kijinsia, makosa yanayowahusu watoto, na watu waliojaribu kujiua, usiombe maelezo ya tukio mojamoja. Omba idadi kwa mwezi au kwa robo ya mwaka, na hata hapo, idadi ikiwa ni moja au mbili, fikiria kama kuitangaza kutamfichua mtu. Anayetaka kupima kazi ya polisi anaweza kuuliza ni ripoti ngapi zilipokelewa, ngapi zilifikishwa mahakamani na ngapi zilifungwa bila mashtaka, na akapata picha kamili bila kumvua mtu heshima yake.

Upande wa pili, kuna majibu ambayo hayana msingi katika sheria. "Hayo ni mambo ya ndani ya polisi" si mojawapo ya sababu zilizotajwa katika kifungu cha 6. "Kesi iko mahakamani" haizuii kutolewa kwa idadi ya kesi. "Usalama wa taifa" hauwezi kutajwa kwa ujumla dhidi ya swali la ni pikipiki ngapi zimezuiliwa uani mwa kituo na zilichukuliwa lini. Afisa anayekataa anapaswa kutoa sababu kwa maandishi na kukueleza jinsi ya kukata rufaa. Akikataa kwa mdomo, mwandikie siku hiyohiyo ukieleza ulivyojibiwa na ukiomba sababu hizo kwa maandishi. Hata pale kizuizi kinapokuwepo kihalali, mahakama inaweza kuamua kwamba manufaa ya umma ni makubwa kuliko madhara, na rekodi iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si ya kuzuiwa mpaka taasisi ithibitishe vinginevyo.

Mtu anapokamatwa na hajulikani aliko

Sehemu hii inastahili kusomwa hata na asiyekuwa na haja ya takwimu. Ombi linapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda wa kujibu ni saa 48, wala si siku 21. Familia inayomtafuta kijana aliyechukuliwa na watu wanaojitambulisha kuwa polisi inaweza kuandika ombi la namna hiyo katika kila kituo kilicho karibu, ikitaka kujua kama jina lake limeandikwa katika OB na katika rejista ya mahabusu. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linataka rejista hiyo iwe na jina la aliyekamatwa, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa ya kukamatwa, afisa aliyemkamata, na tarehe na saa ya kuhamishwa iwapo amepelekwa kituo kingine. Taja vipengele hivyo kimoja kimoja katika barua, kwa kuwa jibu la "hayuko hapa" linaweza kuwa kweli wakati huu na huku rejista inaonyesha kwamba alikuwepo jana na kupelekwa mahali pengine.

Andika juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa, kwamba ombi linahusu uhuru wa mtu na kwamba muda wake ni saa 48. Omba saa ya kupokelewa iandikwe kando ya muhuri. Hata hivyo usiitegemee barua hiyo peke yake. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kufikia mwisho wa siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi, na inampa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Tafuta wakili mara moja, piga ripoti kwa IPOA, ambayo ni mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, na jiandae kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Jibu la rejista, au kimya chake, litakuwa sehemu ya ushahidi huko.

Rufaa

Aliyekataliwa, au aliyenyamaziwa, ana siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman. Makao yake yako Nairobi, na ina matawi Mombasa, Kisumu, Eldoret na Isiolo, pamoja na madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma (Huduma Centre), ambavyo ni vya huduma za serikali kwa wananchi na si vya polisi. Malalamiko huwasilishwa kwa maandishi. Ambatisha nakala ya ombi lenye muhuri, jibu ulilopewa kama lipo, na maelezo mafupi yanayofuata mpangilio wa tarehe: siku fulani nilipeleka, siku fulani nilifuatilia, siku fulani muda ulikwisha. Usijaze barua hiyo kwa malalamiko mengine uliyo nayo dhidi ya kituo. Tume inapitia suala la habari, na ombi lililochanganywa na mambo ya hongo, vipigo na mashamba huchelewa kwa kuwa kila suala lina mahali pake. Vipigo na vifo mikononi mwa polisi ni vya IPOA.

Tume ina uwezo wa kuwaita maafisa na kudai nyaraka, na ikiridhika kwamba sheria imevunjwa inaweza kuamuru habari zitolewe na kupendekeza fidia. Asiyeridhika na amri ya Tume, awe mwombaji au polisi, ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na amri isiyotiiwa inaweza kupelekwa katika mahakama hiyo ili itekelezwe. Ni kweli kwamba safari hii ni ndefu kwa suala la kurasa chache za rejista. Mara nyingi lakini barua ya Tume yenyewe hutosha kuliamsha faili lililolala, kwa sababu inafika kwa wakubwa wa OCS na inadai jibu lenye sahihi.

Zikishapatikana

Habari zikifika, zisome ukijua jinsi zilivyokusanywa. OB inaonyesha kilichoripotiwa, wala haionyeshi yote yaliyotokea. Wizi unaopanda kutoka mwaka mmoja hadi mwingine unaweza kuwa dalili ya wezi kuongezeka, au dalili ya wananchi kuanza kukiamini kituo baada ya OCS mpya kufika. Ajali ndogo zilizomalizwa na madereva wenyewe kando ya barabara hazimo katika rejista. Majeruhi aliyefariki hospitalini baada ya wiki kadhaa anaweza kubaki katika safu ya waliojeruhiwa iwapo hakuna aliyerudi kurekebisha. Linganisha tarehe chache na kumbukumbu za hospitali ya kaunti ndogo au za mahakama kabla ya kutangaza chochote redioni, na ukikuta tofauti, mrudie karani kwa swali kabla hujamrudia kwa lawama.

Tunza nakala zote katika faili moja: ombi lenye muhuri, risiti ya posta, barua za kufuatilia, jibu, na kurasa zenyewe. Peana nakala kwa maktaba ya mji, kwa chifu, au kwa mamlaka ya kaunti ya masuala ya polisi, ambayo huongozwa na gavana au mwakilishi wake. Mwaka ukiisha, peleka ombi lilelile kwa maneno yaleyale, ukibadilisha tarehe peke yake, ili takwimu za mwaka mpya ziweze kuwekwa kando ya zile za zamani na kusomwa pamoja.